Tovuti ipo, wateja hawaioni: kisa cha wauza dagaa wa Kigoma

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa ya wenyewe. Jina la kikundi, jina la tovuti na viwango vya fedha nimeviacha nje. Nawaandikia mafundi wenzangu wanaowatengenezea wafanyabiashara wadogo tovuti, na wafanyabiashara wenyewe pia, kwa sababu kosa kubwa lililotokea hapa lingegunduliwa na mtu yeyote ambaye angechukua simu ya jirani na kuitafuta biashara kama mgeni anavyoitafuta. Kwa miezi minne hakuna aliyefanya hivyo.

Usuli

Kikundi ni cha akina mama sita. Wananunua dagaa wabichi mwaloni Kibirizi, ufukwe wa wavuvi wa Kigoma, wanaanika, wanafungasha, wanauza. Wana pia migebuka mikavu, samaki wengine wa Ziwa Tanganyika, na mawese. Mwenyekiti wao, ambaye hapa nitamwita Mama tu, ameifanya kazi hii tangu wavuvi walipokuwa wakitumia karabai, na anajua kwa kumtazama dagaa alianikwa wapi na kwa siku ngapi.

Jambo la kuanika nalieleza kidogo kwa sababu ndilo lililokuja kuamua mambo. Dagaa wakitandazwa chini ufukweni hukauka, lakini mchanga huingia, na mlaji huusikia kwenye meno hata baada ya kuosha maji mawili matatu. Akina mama hawa huanika juu ya chanja za wavu wa waya zilizoinuliwa usawa wa kiuno. Upepo hupita juu na chini, kuku hawafiki, mchanga hauingii. Gharama ya chanja ni kubwa, na ndiyo maana dagaa wao huwa ghali kidogo kuliko wa jirani.

Wateja wao walikuwa wa kuambizana: shemeji wa Dodoma, rafiki wa dada aliyeko Dar es Salaam, mama lishe mmoja wa Mwanza. Mwishoni mwa 2023 walichangishana, wakamlipa kijana mmoja awatengenezee tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti. Ikapendeza. Machweo ya Ziwa Tanganyika, mitumbwi, maandishi ya dhahabu. Wakachapisha anwani yake kwenye mifuko yote ya kufungashia, wakakaa kungoja simu.

Alivyonijia

Ilikuwa Aprili 2024. Nilimwamkia Mama, akaitikia marahaba, akasema, "Mwanangu, nimekuletea mgonjwa." Akatoa simu, akaandika anwani nzima ya tovuti herufi kwa herufi, ikafunguka. "Unaona? Ipo. Lakini hakuna anayepiga."

Nikachukua simu yangu, nikaandika kwenye Google: dagaa wa Kigoma. Tukashuka pamoja ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kulikuwa na habari za magazeti, video, wauzaji wa Dar. Wao hawakuwemo. Nikaandika jina la kikundi lenyewe, lilivyo. Hawakuwemo. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe nimeshusha wavu bila taa."

Kwa wasiojua uvuvi wa huku: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuwashiwa taa. Wanaufuata mwanga, wanakusanyika, ndipo wavu unainuliwa. Bila taa unarudi na maji. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo ya tofauti kati ya tovuti kuwepo na tovuti kupatikana, na tangu siku hiyo nayatumia kwa kila mteja wa mwambao.

Tulichokikuta ndani

Jaribio la kwanza huchukua nusu dakika. Unaandika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi. Ukiletewa kurasa, Google inaijua tovuti hata kama inaiweka mbali. Usipoletewa kitu, aghalabu haijaingia kabisa kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazozijua. Kwetu hakikuja kitu.

Nikaingia ndani ya WordPress, kwenye mipangilio ya usomaji. Pale chini kuna kisanduku cha kuzizuia injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Kilikuwa kimewekwa tiki. Fundi huweka tiki hiyo wakati bado anajenga, ili kazi nusunusu isionekane, na ni jambo la busara. Siku ya kukabidhi anatakiwa aiondoe. Huyu alisahau. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, tiki hiyo huweka kwenye kila ukurasa alama ya noindex, yaani roboti wa Google, programu inayopita ikisoma kurasa za mtandaoni, anaruhusiwa kusoma lakini anaambiwa asiorodheshe. Ikiwepo, hata ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake ambayo WordPress huitengeneza yenyewe, huzimika. Kwa hiyo kwa miezi minne kila roboti aliyebisha hodi alijibiwa na tovuti yenyewe: usituandike.

Ningeweza kuondoa tiki, nikachukua changu, nikaaga. Lakini nilipousoma ukurasa wa mwanzo niliona kwamba hata ukiorodheshwa hautamfikia mnunuzi. Kichwa cha ukurasa, yale maneno ya rangi ya bluu yanayotokea kwenye matokeo ya Google, kilikuwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya "mwanzo". Maelezo yote ya bidhaa, bei na namba ya simu yalikuwa ndani ya picha moja kubwa, kama bango la harusi. Mtu anayasoma, lakini roboti hawezi kutegemewa kuyasoma kama maandishi ya kawaida. Nje ya picha kulikuwa na aya mbili za Kiingereza kuhusu "sardini bora za ziwa zilizokaushwa kwa jua". Neno dagaa halikuwemo. Neno Kigoma lilikuwemo mara moja, kwenye anwani ya sanduku la posta.

Picha nazo zilipakiwa moja kwa moja kutoka kwenye simu, nyingine zikipita megabaiti 5. Nilijaribu kuifungua nikiwa mwaloni kwa bando la kawaida. Machweo yalianza kutokea juu, mstari kwa mstari, na mteja mwenye haraka angekuwa ameshaondoka.

Uamuzi na sababu zake

Tulitaka kuthibitisha umiliki wa tovuti kwenye Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha kurasa zipi zimeorodheshwa na watu waliandika maneno gani kuzifikia. Njia pana ya kuthibitisha hupitia rekodi za jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti iliyosajiliwa, kwa hiyo nilihitaji akaunti ya kikoa. Hapo tukagundua kwamba jina lile la .co.tz lilisajiliwa kwa barua pepe ya kijana na kwa jina lake yeye. Kikundi kilikuwa kinalipia kitu kisicho chake.

Kulikuwa na njia mbili: kusajili jina jipya siku hiyohiyo, au kumtafuta kijana. Jina jipya lilikuwa rahisi kwangu, ila mifuko iliyochapwa ilikuwa imejaa stoo, na Mama hakutaka kusikia habari ya kuitupa. Tukaamua kumtafuta. Alikuwa amehamia mkoa mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alijisajilia mwenyewe kwa kuwa akina mama hawakuwa na barua pepe, na hakuna aliyemwambia abadilishe. Mama alimpigia simu kwa upole, akamwita mwanangu kama anavyoniita mimi. Hata hivyo uhamisho ulichukua wiki tatu. Kwa muda huo nilithibitisha kwa njia nyembamba, ya kubandika alama ndogo kwenye msimbo wa ukurasa wa mwanzo, kwa kuwa nywila ya WordPress tulikuwa nayo.

Uamuzi wa pili ulihusu maneno, na hapa nilimpa Mama kazi badala ya kuifanya mwenyewe. Nilimpa daftari. Kwa wiki mbili, kila mteja akipiga simu au kuandika WhatsApp, aandike swali lake la kwanza kama lilivyotamkwa, bila kulisafisha. Daftari liliporudi lilikuwa na kurasa saba. Hakuna aliyeuliza "ubora". Waliuliza: dagaa wa Kigoma kilo bei gani? Gunia je? Wana mchanga? Mnatuma Dar kwa basi au kwa treni? Mawese debe shilingi ngapi? Mawese yenu hayajachanganywa?

Lile la mchanga lilijirudia kuliko yote ukiacha bei. Nikamwuliza Mama kwa nini tovuti haisemi chochote kuhusu chanja. Akashangaa: "Kwani hawajui? Kila mtu hapa anajua." Kila mtu Kibirizi, ndiyo. Mtu wa Morogoro anayeandika kwenye simu usiku hajui, na ndiye tuliyekuwa tunamtaka.

Basi tukavunja ukurasa mmoja kuwa kurasa nne: dagaa, migebuka, mawese, na namna tunavyotuma mizigo. Kila mmoja ukapewa kichwa chake chenye maneno ya daftari. Wa dagaa ukaitwa "Dagaa wa Kigoma wasio na mchanga, jumla na rejareja". Chini yake tuliweka picha moja ya chanja, iliyopunguzwa hadi kilobaiti 90, na aya inayoeleza dagaa wanavyoanikwa. Kiingereza tukakiondoa chote. Kuna mwenzangu aliyenipinga hapa, akisema watalii wanaopanda boti za kwenda Hifadhi ya Gombe hupita palepale Kibirizi. Wanapita, lakini daftari zima halikuwa na mtalii hata mmoja anayeulizia gunia.

Tulitengeneza pia wasifu wa biashara kwenye ramani ya Google. Google ilitaka video inayoonyesha mtaa, mlango na mwenye mali akifungua. Video ya kwanza haikukubaliwa. Stoo haikuwa na kibao chochote. Mama akamwita mpaka rangi, jina likaandikwa mlangoni, tukarekodi tena, ikapita.

Mtu fulani alituahidi kwa bei nafuu viungo elfu moja, yaani tovuti nyingine ziweke anwani yetu ya kubofya ili Google ituone maarufu. Tulikataa. Google inahesabu ununuzi wa viungo kuwa udanganyifu, na tovuti changa ikishukiwa mapema inapata taabu kujinasua.

Ziwa linafungwa

Katikati ya kazi, Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Mama alikuja ofisini akiwa amekata tamaa. Alitaka tusimamishe kila kitu, maana kumwonyesha mteja duka tupu ni kumfukuza.

Nilimwomba anipe siku moja. Nikafungua daftari, nikakuta maswali ya wiki ile yamebadilika: ziwa linafunguliwa lini? Dagaa watapatikana tena lini? Kama waliokuwa wanampigia Mama waliuliza hivyo, wengine wasiomjua walikuwa wanaiuliza Google vivyo hivyo. Tukaandika ukurasa mfupi wenye kichwa "Ziwa Tanganyika limefungwa: dagaa wa Kigoma watapatikana lini?" Tukaweka tarehe mbili, sababu ya kufunga, tulichobakiwa nacho stoo, na kiungo cha WhatsApp kwa anayetaka kujulishwa mzigo wa kwanza ukitoka. Hatukuahidi bei.

Kisha nikaondoa ile tiki, nikapeleka ramani ya tovuti Search Console, nikaomba kurasa tano ziorodheshwe. Siku ya tisa nikaandika tena site na nukta mbili. Zilikuja nne. Nilimpigia Mama palepale, ingawa ilikuwa saa tatu usiku.

Matokeo

Ukurasa wa ziwa kufungwa ndio uliotangulia kuleta watu, na kwa miezi mitatu ulileta wengi kuliko kurasa nyingine zote za tovuti. Ziwa lilipofunguliwa Agosti, Mama alikuwa na orodha ya namba za watu wanaosubiri, wengi wa mikoa ambayo kikundi hakijawahi kuuza. Mzigo wa kwanza ulikwisha kabla haujafika stoo. Kufikia Oktoba, katika wiki ya kawaida walipiga wageni watatu hadi sita walioipata tovuti wenyewe. Kabla ya hapo hakukuwa na hata mmoja. Mgahawa mmoja wa Dodoma ulianza kuagiza kila mwezi.

Kwa maneno mafupi "dagaa wa Kigoma" bado hatujafika ukurasa wa kwanza. Magazeti na masoko makubwa ya mtandaoni yamekaa pale kwa miaka, na sikuwahi kumwahidi Mama kwamba tutawang'oa. Tumefika juu kwa maneno marefu zaidi: wasio na mchanga, mawese ya jumla, kutuma Dar. Anayeandika hivyo tayari ana fedha mkononi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni daftari. Kuondoa tiki kulifungua mlango tu. Kama tungeiacha tovuti na zile sardini zake za Kiingereza, ingeorodheshwa na bado Mama asingepigiwa, kwa sababu hakuna mama wa nyumbani anayeandika hivyo. Vipo vyombo vya kupima maneno yanayotafutwa, na mimi navitumia, lakini kwa Kiswahili na kwa bidhaa ya mkoa mmoja mara nyingi havina takwimu za kutosha na hurudisha ukurasa mtupu. Maswali ya simu hayarudi matupu.

Ukurasa wa ziwa ulifanikiwa kwa sababu ulijibu swali ambalo watu walikuwa nalo wiki ileile, na uliandikwa na wanaojua. Nakiri kwamba mwanzoni mimi nilitaka tu kumtuliza Mama. Ukubwa wa kilichotokea sikuutarajia.

Palipoharibika ni kwenye bei, na kosa ni langu. Niliiweka bei ya kilo kwenye kichwa cha ukurasa wa dagaa, nikidhani itawavuta watu kwenye matokeo. Ikawavuta kweli. Lakini bei ya dagaa haikai: mbalamwezi ikiwaka uvuvi hupungua na bei hupanda, siku za giza zikirudi hushuka. Mama alipopandisha bei tulibadilisha ukurasa siku ileile, ila Google iliendelea kuonyesha kichwa cha zamani hadi roboti aliporudi kuusoma upya, siku kadhaa baadaye. Mteja mmoja alimwita Mama mwongo kwenye simu. Mtu aliyeanika dagaa maisha yake yote bila kumdhulumu mtu aliitwa mwongo kwa sababu ya mstari nilioandika mimi. Siku hiyo nilikwenda kumwomba radhi ana kwa ana. Sasa bei iko ndani ya ukurasa, pembeni yake pana tarehe, na inabadilishwa kila giza linapoanza. Kwenye kichwa haimo.

Kosa jingine lilikuwa la mifuko. Anwani iliyochapwa inaanza na www, na cheti cha usalama kilikuwa kimetolewa kwa anwani isiyo na www. Aliyeandika kama mfuko unavyosema alikutana na onyo kwamba tovuti si salama. Tulilijua hilo baada ya mteja kumtumia Mama picha ya kioo cha simu yake na kumwuliza kama ametapeliwa. Marekebisho hayakufika saa moja: cheti cha bure cha Let's Encrypt kwa majina yote mawili, na uelekezo wa kudumu kutoka www kwenda anwani moja, ili Google nayo isizione kama tovuti mbili. Nilipaswa kuyafanya siku ya kwanza, nikiwa na mfuko mkononi.

Kuhusu kikoa, nimebadilisha namna ninavyofanya kazi. Kabla sijagusa picha wala rangi, mteja anafungua barua pepe yake mwenyewe, jina la kikoa linasajiliwa kwa jina lake, na nywila anaiandika kwa mkono wake. Kwa kikundi hiki tulikawia wiki tatu, na tulibahatika kwamba kijana alipatikana na alikuwa muungwana.

Kilichobaki ni tarehe ya kulipia kikoa upya. Mama hakutaka niiweke kwenye simu yangu. Ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani pale stoo, ileile anayozungushia siku za giza na mbalamwezi, na amenionyesha ameirudia wiki mbili kabla, kwa sababu watoto wake husema yeye ni msahaulifu. Daftari la pili nalo limejaa. Ananiuliza kama nina la tatu.